Kumfundisha Mhungaria Maneno ya Kiingereza ya Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Mswahili Aliyeko Budapest

Siku ya kwanza mwanafunzi wangu aliingia mlangoni akasema "see ya". Saa moja baadaye, akiwa anavaa koti aondoke, akanipungia mkono: "Hello!" Nilidhani ananitania. Kumbe kwao "szia", inayotamkwa "siya", ni salamu ya kukutana na ya kuagana pia, na "helló" waliyoiazima nje wameipa kazi hizo hizo mbili. Kwa hesabu ya kwao hakukosea kitu. Alikuwa anasema Kihungaria kwa maneno ya Kiingereza.

Makosa yao mengi ndivyo yalivyo. Wengi wana maneno tele kichwani, maana kwa miaka mingi mtu alimaliza chuo kikuu akakosa shahada yake mkononi kwa sababu hana cheti cha lugha ya kigeni, mpaka 2020 serikali ilipowasamehe waliokuwa wamekwama hapo. Utakutana na mtu anayeweza kujadili uchafuzi wa mazingira lakini hajui kuomba mfuko dukani. Filamu za nje kwenye televisheni huwekewa sauti za Kihungaria, kwa hiyo Kiingereza cha mtaani hakimwingii masikioni wakati amepumzika. Wazee wao walisoma Kirusi kwa lazima hadi 1989. Kwa hao utaanza karibu na sifuri, na mara nyingi ndio wanafunzi wazuri zaidi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekuja Hungaria kwa masomo, pengine kwa ufadhili wa Stipendium Hungaricum, au kwa kazi, au kwa ndoa, na sasa jirani amekuomba umsaidie Kiingereza naye akusaidie Kihungaria. Usijione mdogo kwa kuwa Kiingereza si lugha ya mama yako. Kiswahili na Kihungaria vinakata vitu mahali pamoja mara nyingi kuliko unavyodhani, na pale vinapokata pamoja wewe unajua tayari mwanafunzi atajikwaa wapi, kwa sababu ulijikwaa hapo hapo.

Hatua ya 1: Mpime kwa siku yake ya jana

Usianze na kitabu. Mwambie akusimulie jana yake kwa Kiingereza, tangu kuamka hadi kulala, simu ikiwa mfukoni. Wewe andika kila neno alilokwama, hata kama ni "soksi" au "kufuli". Ukimaliza utakuwa na maneno thelathini au arobaini ambayo ni yake kweli, yanayomhusu kila siku. Hiyo ndiyo orodha ya mwezi wa kwanza.

Zipo orodha za maneno yanayotumika zaidi, na ya Michael West ya 1953, yenye maneno kama 2,000, bado inatajwa na walimu. Ni nzuri ya kuangalia kama kuna pengo kubwa. Lakini haijui kama mwanafunzi wako anafuga mbwa au anatengeneza baiskeli.

Hatua ya 2: Kadi, na si neno moja moja

Chukua karatasi ngumu, kata kadi za ukubwa wa kiganja. Upande mmoja aandike sentensi fupi ya Kihungaria kwa mkono wake, upande wa pili sentensi ya Kiingereza. Neno pekee lisiandikwe. Neno pekee linamfanya atafsiri moja kwa moja, na hapo ndipo "see ya" ya mlangoni inapozaliwa.

Kadi nane kwa siku zinatosha, siku tano kwa wiki. Weka visanduku vitatu. Kadi mpya zinakaa cha kwanza na kutazamwa kila siku. Akijibu bila kusita, kadi inahamia cha pili, kinachofunguliwa kila siku ya tatu, kisha cha tatu, mara moja kwa wiki. Akikosea, kadi inarudi cha kwanza hata kama ilishafika mwisho. Mpango huu wa visanduku aliueneza Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na hakuna programu ya simu iliyoubadilisha sana. La muhimu ni kwamba anakumbuka kabla ya kugeuza kadi. Kusoma pande zote mbili kwa macho ni kujidanganya.

Hatua ya 3: Ulimi

Hapa una faida kubwa. Kihungaria hakina "th" zote mbili za Kiingereza, wala sauti ya "w". Mwanafunzi atasema "szink" (yaani "sink") kwa "think", na "wine" itamtoka kama "vine". Wewe unazo zote: ya "thamani" ni ya "think", ya "dhahabu" ni ya "this", na "w" ya "wali" ndiyo ya "wine". Mwambie aseme thamani, dhahabu, wali, mara kumi, akikutazama mdomo. Wahungaria hufurahia zoezi hili kwa sababu halina harufu ya shule. (Na wewe siku hiyo usiseme "selasini".)

Kwenye irabu yeye anakuzidi. Kihungaria kina irabu kumi na nne, fupi na ndefu, kwa hiyo tofauti ya "ship" na "sheep" inayotusumbua sisi kwake ni nyepesi. Shida yake ni "bad" na "bed", ambazo zote zinamtoka kama "bed". Sisi "bad" tunaivuta kwenye "a", wao kwenye "e". Mfanye aanze na "e" yake, kisha ashushe taya kabisa.

Mkazo ni kitu kingine. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza siku zote, bila msamaha: BAnana, COMputer. Mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unatuokoa kwenye "banana", "tomato", "potato" na "computer", zote. Kwenye "hotel" hatuokoki sisi wala wao.

Kisha mruhusu aandike matamshi kwa herufi zake. Wao "s" husoma "sh", na "sz" ndiyo "s"; "cs" ni "ch" yetu. Ukijua hilo utaona kwamba baadhi ya maneno ya Kiingereza yamo ndani ya Kihungaria kwa sauti. "Síp" kwao ni filimbi, na inatamkwa kama "sheep". "Kár" ni hasara, nayo ni "car" kabisa kwa matamshi ya London. "Csíz" ni ndege mdogo, na sauti yake ni "cheese". Kondoo anapiga filimbi, gari ni hasara, ndege amebeba jibini. Picha za kipuuzi kama hizi hukaa kichwani miaka, na mwanafunzi akishaonyeshwa tatu, ya nne atakuletea yeye.

Hatua ya 4: Mwili na familia, kwa kuchora

Mchoreni mtu mzima kwenye karatasi kubwa. Kihungaria kinasema "láb" kwa mguu wote, kama sisi tunavyosema mguu. Kiingereza kinaukata kwenye kifundo, "leg" juu na "foot" chini. "Kéz" ni kiganja, lakini katika mazungumzo mara nyingi hubeba mkono wote. "Ujj" ni kidole cha mkononi na cha mguuni, kama kidole chetu, ilhali Kiingereza kina "finger" na "toe". Usimwambie amekosea. Mwambie, "kwetu pia ni hivyo", halafu chora mstari mwekundu mahali Kiingereza kinapokata.

Kuna moja usiyoitegemea. Viungo vinavyokuja viwili viwili Wahungaria huvihesabu kama kitu kimoja, kwa hiyo mwenye jicho moja, chongo, wao humwita "mwenye nusu jicho", na kufanya kitu kwa mkono mmoja ni "kwa nusu mkono". Ukisikia "I carried it with half hand" usicheke, sahihisha: "one hand".

Kwenye familia, Kihungaria kinataka kujua nani mkubwa. "Báty" ni kaka mkubwa, "öcs" mdogo wa kiume, "nővér" dada mkubwa, "húg" mdogo wa kike. Kiingereza hakijali, na mwanafunzi huona kimepungukiwa. Mfundishe "older" na "younger" mapema ili apumue. Na "nővér" ni muuguzi pia. Mama mmoja aliniambia kwamba dada yake alimchoma sindano hospitalini, nikampa pole na kuuliza kama dada ni mkali. Tulichukua dakika tano kuelewana.

Heshima nayo itajitokeza. Watoto wao huwaamkia wakubwa "csókolom", yaani nakubusu mkono, na ukiisikia utakumbuka shikamoo papo hapo. Kiingereza hakina kitu cha kuziba pengo hilo. "Good morning" na tabasamu, basi, na wewe na mwanafunzi mtasikitika pamoja.

Hatua ya 5: Nendeni sokoni

Somo moja lifanyike Nagyvásárcsarnok, soko kuu la Fővám tér lililofunguliwa 1897, au soko lolote la mtaa. Mpe kazi ya kukutajia kila kitu mezani kwa Kiingereza.

Atakwama kwenye kitu anachokijua kuliko wote: "paprika". Kihungaria kinaiita paprika ikiwa mbichi na ikiwa unga. Kiingereza kimeazima neno hilo kwao lakini kikalibakiza kwa unga tu. Ile mbichi ni "pepper", na pilipili manga, ambayo wao huiita "bors" na kuiona kitu kingine kabisa, nayo ni "pepper". Hapa Kiswahili kinasimama na Kiingereza: pilipili hoho, pilipili manga, pilipili ni pilipili. Mweleze hivyo hivyo. Vile vile "gulyás" kwao ni supu. Akiagiza "goulash" nje ya nchi ataletewa mchuzi mzito wa nyama na atadhani mpishi ameharibu.

Vipimo pia. Nyama na jibini Wahungaria hununua kwa "deka", gramu kumi kumi: "húsz deka" ni gramu 200. Muuzaji wa London hajui deka. Mzoeze kusema "two hundred grams" mpaka ulimi uende wenyewe. Akisema "two apple" ni kwa sababu Kihungaria kikishataja idadi hakihitaji wingi, "két alma". Hii haituhusu, sisi ni matofaa mawili; kwa hiyo itakubidi uvumilie kosa ambalo wewe hulifanyi, na hayo ndiyo magumu kuyavumilia.

Hatua ya 6: Vitenzi vya kupiga

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, tulieni hata wiki tatu.

Kihungaria kina tabia ya kuchukua nomino na kuipachika mkia ikawa kitenzi. "Reggeli" ni kifungua kinywa. "Reggelizik" ni kukila. "Kávé", kahawa, "kávézik", kukaa na kahawa. "Bicikli" inakuwa "biciklizik", "gitár" inakuwa "gitározik", "tévé" inakuwa "tévézik". Neno moja, kazi imekwisha. Akifika kwenye Kiingereza anatafuta mkia huo, haupo, anabaki na nomino mkononi: "I breakfast", "I guitar".

Mfundishe kupiga. Sisi tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga gitaa, na hakuna anayepigwa. Kitenzi kimekwisha maana yake ya awali, kinabeba tu nomino iliyo nyuma yake. Kiingereza kina vibebaji hivyo vitano sita: "have" kwa mlo, kahawa na kuoga ("have breakfast", "have a coffee", "have a shower"), "take" kwa picha na basi, "play" kwa gitaa na mpira, "ride" kwa baiskeli, "make" na "do" kwa vilivyobaki. Mwanafunzi akielewa kwamba "take a photo" haina uhusiano na kuchukua, kama vile piga picha haina uhusiano na ngumi, macho yanafunguka.

"Make" na "do" zitawasumbua nyote, kwa sababu yeye ana "csinál" na wewe una fanya. Hakuna kanuni inayofika mbali. Mpe jozi kumi kwenye kadi, "make a mistake", "make tea", "make a noise", "do the shopping", "do homework", na mziimbe.

Hatua ya 7: Vitenzi vya maneno mawili

Wanafunzi wa nchi nyingi huvichukia vitenzi kama "give up", "stand up", "come in". Sisi pia: tuna ingia, toka, panda, shuka, kila kimoja neno lake, na "up" inatuchanganya. Mhungaria ana dawa nyumbani kwake na hajui.

Vitenzi vyao hubeba viambishi vya mbele: "be" ndani, "ki" nje, "fel" juu, "le" chini, "vissza" nyuma. Sasa tazama amri zao, ambapo kiambishi hubanduka na kwenda nyuma ya kitenzi. "Állj fel!" ni simama-juu: "Stand up!" "Ülj le!" ni keti-chini: "Sit down!" "Gyere be!" ni njoo-ndani: "Come in!" "Gyere vissza!" ni "Come back!" Mpangilio ni ule ule, neno kwa neno. Na mshangao mkubwa ni "felad", toa-juu, ambayo maana yake ni kukata tamaa, sawasawa na "give up".

Mpe karatasi yenye safu mbili, amri ya Kihungaria kushoto, Kiingereza kulia, ajaze mwenyewe. Saa moja itamletea vitenzi ishirini. Halafu mwonye: njia hii ina mwisho. Kuwasha televisheni wao ni "bekapcsol", kwa "ndani", na kuzima "kikapcsol", kwa "nje", ilhali Kiingereza ni "switch on" na "switch off". Visivyolingana viandikwe kwenye kadi za rangi nyingine.

Hatua ya 8: Maneno yanayofanana na kudanganya

Haya yafundishwe yakitokea, usiyarundike. Ya kuotea ni haya: "gimnázium" ni shule ya sekondari, si mahali pa kunyanyua vyuma. "Kollégium" ni bweni. "Farmer" ni suruali ya jinzi, kwa hiyo "I bought a farmer" haina maana ya utumwa. "Trafik" ni kiduka cha sigara. "Novella" ni hadithi fupi, si riwaya. "Kosztüm" ni suti ya kike. "Szimpatikus" ni mtu anayependeza, na "aktuális" ni cha sasa. Hatari zaidi ni "eventuálisan", ambayo ni "pengine". Mhungaria akikuandikia "I will eventually come", huenda asije kabisa.



Hatua ya 9: Saa

"Óra" kwao ni saa ya mkononi, saa ya ukutani, na dakika sitini, kama saa yetu kabisa. Na juu yake ni kipindi cha darasani. Kiingereza kinataka "watch", "clock", "hour" na "lesson". Kadi nne, picha nne.

Kusema wakati ndiko kunakovunja miadi. "Fél hét" maana yake ni nusu ya kwenda saba, yaani 6:30. Mwingereza akisema "half seven" anamaanisha 7:30. Mwanafunzi atafika saa nzima kabla, akipigwa na baridi. Hata robo huhesabu kuelekea mbele: "negyed hét" ni 6:15, "háromnegyed hét" 6:45. Dawa ni kumpiga marufuku "half" miezi miwili ya kwanza. Aseme namba: "six thirty", "seven thirty". Na wewe, ambaye 7:30 ya asubuhi ni saa moja na nusu, usijifanye huna la kujifunza hapo; tuliwahi kupanga kukutana kwa lugha tatu na tukafika nyakati tatu, ingawa tulikuwa wawili.

Hatua ya 10: Yeye

Kihungaria kina "ő", sisi tuna yeye, na hakuna kati yetu anayeona haja ya kutangaza jinsia kila sentensi. Mumewe atakuwa "she" na bibi yake "he" ndani ya pumzi moja. Usimkatize kila mara. Mwache amalize hadithi, kisha mwambie aisimulie tena akiwa na picha ya mtu huyo mezani, akiigusa kila anaposema neno hilo. Fanya na wewe zamu yako, kwa sababu utakosea.

Baada ya wiki nane

Rudieni swali la hatua ya kwanza: jana yako, kuamka hadi kulala, simu mfukoni. Andika tena alipokwama, linganisha na karatasi ya zamani. Maneno mapya yaliyomshinda yanakuwa orodha ya miezi miwili inayofuata, na yale ya zamani yaliyorudi kumshinda yanarudi kisanduku cha kwanza bila lawama.

Kuhusu malipo, gawaneni saa katikati kwa saa ya ukutani, nusu Kiingereza, nusu Kihungaria, na anza na chako, yaani Kihungaria unachojifunza. Ukianza na chake, chako hakitafika, maana saa ya kuondoka Mhungaria hukumbuka mambo mengi ya kusema mlangoni, koti likiwa limeshavaliwa, mpaka atakapokuambia "hello".